Boti kwanza, fimbo baadaye

Anayejiandaa kwenda kuvua kwa chambo cha manyoya katika mto Mnyera au Ruhudji, bondeni Kilombero, aamue boti kabla ya fimbo ya kuvulia, kwa kuwa mito hiyo ina viboko na mamba, na kuvua ukiwa umesimama majini, kama ilivyo kawaida kwa wavuvi wa trauti kwenye vijito vya Mlima Kenya, ni hatari kubwa. Boti yenye sakafu bapa hupita penye maji machache. Samaki anayefuatwa huko, Hydrocynus tanzaniae (aina ya samaki mla nyama aitwaye tigerfish kwa Kiingereza), ana meno yanayoonekana hata akifumba kinywa, nayo hukata mshipi wa nailoni papo hapo. Hivyo funga kipande cha waya kati ya mshipi na ndoano, na ndoano yenyewe inolewe vizuri, maana kinywa chake ni kigumu kama mfupa.