Kuboresha baiskeli ya resi ya bei ya chini: nini kianze, nini kisubiri

Kama umenunua baiskeli ya resi ya kuanzia, iwe mpya ya dukani au mtumba iliyoshuka na kontena toka Ulaya au Japani, fremu ya alumini, gia 8 za Claris au 9 za Sora nyuma (aina za gia za bei ya chini za Shimano), uzito kilo 10 na kitu, basi una chombo kizuri kabisa, usikubali mtu akwambie ni takataka. Fremu za bei ya chini za miaka hii ziko vizuri, kiwanda kinapobana hela ni kwenye tairi, siti, raba za breki na magurudumu, na vyote hivyo vinabadilishika.

Mimi ni fundi hapa Arusha na tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali, Septemba 2025, yale ya kwanza kuletwa Afrika, vijana wanaokuja kuuliza ni wengi na wengi wao macho yako kwenye rimu za kaboni. Nawaambia subirini. Anza pale mwili unapogusa baiskeli na pale baiskeli inapogusa lami, kwa sababu mgongo ukishaanza kuuma ukifika Usa River huwezi tena kukanyaga, hata upewe baiskeli ileile aliyoshindia Pogačar, bingwa wa Kigali.

Hatua ya 1: pima mwili, hujatoa hata shilingi

Vua viatu, simama umeegemea ukuta, weka kitabu kigumu katikati ya miguu kipande juu mpaka kibane kama siti inavyobana, mtu akuwekee alama ukutani upande wa juu wa kitabu, alafu pima toka sakafuni hadi kwenye alama. Zidisha na 0.883. Ukipata sentimita 80 jibu ni 70.6, na hicho ndo kimo cha siti yako, kipime toka katikati ya ekseli ya krenki kufuata bomba la siti hadi juu ya siti. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyechukua Tour de France 1986, 1989 na 1990, na mpaka leo ni pa kuanzia pazuri, ila ni pa kuanzia tu. Hakiki kwa kisigino: kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Goti likiuma kwa mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma kwa nyuma mara nyingi iko juu. Rekebisha milimita chache chache, usiruke sentimita mbili kwa mpigo.

Kama unajinyoosha sana kuufikia usukani, angalia ile shingo inayoubeba, nyingi zinageuzwa juu chini na usukani unapanda bila kununua kitu. Mpangilio wa kufungua na kufunga ndo watu wanaukosea kwahiyo fuata hivi: legeza bolti mbili za pembeni, toa bolti na kifuniko cha juu, fungua sahani ya mbele utoe usukani, geuza shingo, rudisha ringi zote (zote, hata zile unazoziona hazina kazi), rudisha usukani na sahani yake, rudisha kifuniko, alafu kaza bolti ya juu KWANZA, taratibu, mpaka uchezaji uishe tu. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele nyuma huku kidole kikiwa pale fremu inapokutana na uma, ukisikia inagonga kaza kidogo, usukani ukiwa mzito kugeuka umezidisha. Ukiridhika nyoosha shingo ilingane na tairi ndo ukaze zile za pembeni kwa zamu, hii nusu mzunguko ile nusu mzunguko, kwa kawaida Nm 5 (kipimo cha nguvu ya kukaza) lakini soma namba iliyoandikwa hapohapo kwenye shingo. Ile bolti ya juu haishiki usukani, inabana beringi tu, wanaoshika usukani ni hao wa pembeni.

Hatua ya 2: tairi, na hapa ndo pa kutumia hela

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua tairi. Mtumba nyingi zinakuja na milimita 23 zilizokauka zimejazwa upepo psi 120, na ile imani kwamba tairi nyembamba ngumu ndo inakimbia imeshapitwa na wakati, kwenye lami yetu yenye viraka, matuta na rasta tairi ngumu inarukaruka na kila mruko ni nguvu yako inapotea, na mikono inakufa ganzi juu yake. Weka 28 kama inaingia. Soma ubavuni, utaona 28-622, hiyo 622 ndo kipenyo cha rimu za 700C na lazima ilingane. Kabla hujanunua pima nafasi kati ya tairi na fremu, uma na breki, ibaki milimita 4 hivi kila upande, breki za zamani nyingine mwisho wake ni 25 na hapo huna ujanja, weka 25 nzuri.

Chagua tairi inayokunjika badala ya ile yenye waya, ina mpira laini na ubavu mwembamba unaotii barabara. Continental Grand Prix 5000 ni nzuri sana ila ni ghali, na mimi kwa huku kwetu kwenye miiba ya migunga pembezoni mwa barabara naona bora tairi yenye kinga ya kuchomwa hata kama ni nzito kidogo.

Kuivalisha: ingiza upande mmoja, jaza tyubu upepo kidogo tu ipate umbo, ingiza, anza upande wa pili mkabala na valvu uje umalizie kwenye valvu. Pakiwa pagumu mwishoni rudi kote ulikopita ubane kingo za tairi ziingie kwenye bonde la katikati ya rimu, utashangaa ule ugumu unaisha na unamalizia kwa vidole gumba bila ya yale makoleo yanayotoboa tyubu. Alafu sukuma valvu juu kidogo, zunguka tairi lote ukilifinya pembeni kuangalia kama tyubu imebanwa, ndo ujaze. Mtu wa kilo 70 kwenye 28 aanze psi 65 mbele na 70 nyuma, mzito aongeze, na tumia pampu yenye geji, kidole hakijui tofauti ya 70 na 90.

Zile tyubu nyepesi za TPU (aina ya plastiki) zina gramu 40 hivi wakati ya kawaida ni kama 100 na zaidi, na unausikia wepesi, lakini soma pakiti kama inaruhusu breki za rimu, kwenye mteremko mrefu rimu inachemka na nyingine hazivumilii.

Hatua ya 3: siti

Siti nene yenye jeli kama mto inadanganya dukani. Baada ya saa moja ile mifupa miwili ya makalio inazama na jeli inapanda kubana pale pasipotakiwa kubanwa, unaanza ganzi. Kinachotakiwa ni upana sahihi. Weka kipande cha boksi la karatasi kwenye benchi gumu, kaa juu yake umeinama mbele kidogo na visigino umevinyanyua, inuka utaona vishimo viwili, pima katikati hadi katikati, ongeza milimita 20 hadi 30. Ukipata 115 tafuta siti ya 135 hadi 145. Iweke sambamba na ardhi kwa pima maji. Na nunua kaptula yenye pedi, ivaliwe bila chupi, wengi hawaambiwi hili alafu wanalaumu siti.

Tepu ya usukani ni bei ndogo, chukua ya milimita 3, anzia mwisho wa chini uje juu, ivute kiasi.

Hatua ya 4: breki

Wengi wanairuka hii na inaniuma, kwa sababu ukijua utasimama unathubutu kuteremka kwa kasi. Raba za kiwandani mara nyingi ni ngumu, nunua zile zinazochomolewa kwenye kiatu chake, futa rimu kwa spiriti, ziguse rimu tu zisiguse tairi kabisa, ncha ya mbele itangulie kugusa kwa unene wa kadi ya simu hivi ili zisipige kelele. Badilisha na waya na maganda yake, waya wa breki ni milimita 1.6 na wa gia ni 1.2, usichanganye. Ganda likikatwa lichongwe bapa na tundu lifunguliwe kwa msumari mwembamba, ganda lililobanwa mdomo ndo linafanya breki iwe nzito.

Hatua ya 5: cheni na kaseti

Pima cheni kwa rula. Pini hadi pini, jozi 12 kamili za cheni mpya ni milimita 305. Ikifika 306.5 badilisha cheni, ikifika 308 kaseti (yale meno ya gia za nyuma) nayo imeshaliwa na cheni mpya itaruka juu yake.

Kama unabadilisha kaseti, na unaishi kwenye milima, toka 11-28 (idadi ya meno ya gia ndogo na kubwa) nenda 11-32 au 11-34. Ukiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka mita 2.6 hivi, kwa 34 nyuma ni 2.1, na kwenye mlima wa dakika ishirini tofauti hiyo ndo magoti yako. Angalia kwanza namba ya modeli iliyoandikwa nyuma ya ile mashine inayohamisha cheni, yenye mkono mfupi haibebi meno makubwa, na cheni itabidi iwe ndefu zaidi.

Pedeli za kufunga kiatu chukua zile za bolti mbili, unaweza kushuka ukatembea. Ya kushoto inafunguka kinyume, na paka grisi kwenye nyuzi.

Hatua ya 6: magurudumu

Haya sasa. Ya kiwandani mara nyingi yana gramu 1,900 hadi zaidi ya 2,000 jozi, ukipata ya 1,600 utasikia tofauti ukiondoka na ukipanda. Pima upana wa habu ya nyuma kabla hujalipa, za breki za rimu ni milimita 130, za diski ni 135 au 142, haziingiliani. Ukikosa hela mpelekee fundi ya kwako akaze spoku, anyooshe na abadilishe gololi na grisi.

Ukimaliza zunguka mtaani kwanza, na baada ya kama kilomita 50 rudia kukaza pedeli, shingo na siti. Waya mpya zinalegea pia, gia zikianza kusitasita zungusha kile kirekebishi cha waya nyuma robo mzunguko kwenda kinyume na saa, ujaribu, kisha robo nyingine kama bado.