Pima betri ya sola ikiwa imetulia
Kwa anayehifadhi umeme wa sola katika betri ya risasi na asidi ya volti 12, zima vifaa vyote usiku, iache betri itulie kwa saa kadhaa, kisha ipime kwa multimita (kifaa cha kupimia volti) kabla jua halijachomoza: ikisoma takriban volti 12.7 imejaa, na ikikaribia 12.2 imebaki nusu, hivyo usiitumie tena mpaka ichajiwe. Mimi niliziamini taa za kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili. Betri inapokaa na chaji ndogo, salfeti ya risasi hugeuka fuwele ngumu juu ya bamba zake, na sehemu ya fuwele hizo haiyeyuki tena hata ukichaji kutwa nzima, ndiyo maana betri inayokamuliwa hadi mwisho kila siku hufa mapema. Kipimo hiki hudanganya ikiwa pasi au pampu imezimwa sasa hivi, au paneli zimeanza kuchaji. Kwa betri za lithiamu na fosfeti ya chuma hakifai, kwa sababu volti zake hubadilika kidogo mno mpaka zinapokaribia kwisha. Hizo zinahitaji kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka.