Juisi ya zambarau ya kuinua mudi

Kama siku hizi mudi iko chini na moyo unadunda tu bila sababu, jaribu hii juisi, mimi huitengeneza hapa Kisumu nikipata zambarau zimeiva kabisa, zile zinaacha ulimi na vidole vyote na rangi hadi jioni. Hiyo rangi ndio tunatafuta, ni polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea, zinaitwa anthosiani, ziko pia kwa mulberi na stroberi.

Osha zambarau vikombe viwili, ziponde na mkono kwa bakuli lenye maji safi glasi moja mpaka nyama iachane na mbegu, toa mbegu, halafu ongeza mulberi kikombe kimoja na usage kwa blenda. Usichuje. Usichemshe pia, moto unaharibu anthosiani, na sukari tafadhali wachana nayo, ikikuwa kali weka kandizi kamoja. Kunywa siku hiyo hiyo.

Sasa ukweli: mwaka wa 2017 watafiti wa University of Reading huko Uingereza walipatia vijana na watoto kinywaji cha bluberi, tunda lingine lenye anthosiani, masaa mawili baadaye hisia nzuri zilikuwa zimepanda lakini zile mbaya hazikushuka. Kwa hivyo usitegemee glasi moja ifukuze wasiwasi. Kama uko kwa dawa usiziache, na kama hulali wiki mbili sasa, enda kliniki uongee na mtu, nakuomba. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma asivimeze na hii juisi, polifenoli huzuia madini kuingia mwilini.