Namna ya Kuchagua Mahali pa Kukutana kwa Mara ya Kwanza Dar es Salaam

Wiki tatu za kuandikiana usiku zinapofikia swali la "Tuonane wapi?", watu wazima wengi wa jiji hili huchagua mahali kwa haraka kuliko wanavyochagua kitenge dukani. Anayeuliza hutaja sehemu anayoizoea yeye, anayeulizwa hukubali ili asionekane msumbufu, na mambo yanayohusu usalama wake, jina lake na hata raha ya mazungumzo yenyewe huachwa yajiamulie. Maelezo yafuatayo ni kwa mtu mzima anayekwenda kuonana kwa mara ya kwanza na mtu aliyemfahamu kwa simu au mtandaoni, ambaye hataki mtaa mzima ujue shughuli zake na wala hataki kujikuta peke yake na mgeni mahali asipoweza kutoka.

Wengi hudhani kwamba usiri maana yake ni kujificha, na ndiyo maana hukimbilia gesti ya uchochoroni, baa yenye taa hafifu au gari lililoegeshwa ufukweni gizani. Kwa uzoefu wangu, mahali pa kujificha ndipo mtu anapoonekana zaidi, kwa sababu kila anayefika huko hutazamwa na kukumbukwa na aliyekaa mlangoni. Mwanamke anayekunywa chai na mwanamume saa 10 jioni kwenye mgahawa wenye meza 40 hana lolote la kusimuliwa. Unachokitafuta, basi, ni mahali penye watu wengi wasiokujua, ambapo kuwapo kwako hakuhitaji maelezo.

Anza kwa kuorodhesha wanaokujua, kabla hujaorodhesha migahawa. Mimi nilifundisha shule ya msingi Tabata kwa miaka mingi, na mara ya kwanza nilipopanga kuonana na mtu nilichagua mgahawa mmoja wa Sinza nikiamini kwamba nimekwenda mbali. Mhudumu alikuja na kijitabu chake cha oda, akanitazama, akapiga goti kidogo kwa furaha na kusema, "Shikamoo, mwalimu! Shemeji naye nimletee nini?" Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Yule bwana aliangalia meza, mimi nikaangalia feni, na kwa saa nzima iliyofuata binti yule alitufutia meza mara tatu. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Nilikuwa nimepima umbali kwa kilomita, wakati katika jiji hili umbali hupimwa kwa mahusiano.

Chukua karatasi uandike unapoishi, unapofanya kazi, unaposali, wanapoishi ndugu zako wa karibu, na njia ya daladala unayoitumia kila siku. Maeneo hayo yafute. Mwalimu afute pia mitaa ya wanafunzi wake wa zamani, muuguzi afute mitaa inayozunguka kituo chake cha afya, na mfanyabiashara wa Kariakoo akumbuke kwamba wateja wake wametapakaa kuanzia Mbagala hadi Bunju, kwa hiyo yeye atafute zaidi mahali ambapo kukaa na mtu kunaonekana kama kikao cha kazi.

Baada ya kufuta, tazama barabara. Mahali pazuri pasipo na njia ya uhakika ya kurudia ni mtego, na hapa Dar es Salaam njia huharibiwa na mambo tunayoyajua wote. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua kubwa ikinyesha bonde la Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro inaweza kufungwa pale, na mabasi ya Mwendokasi nayo yakakatisha safari. Anayekaa Kimara akiwa amekwenda kuonana na mtu Posta siku hiyo atazunguka kwa gharama asiyoitarajia, au atakubali kupelekwa nyumbani na mtu aliyemjua saa mbili tu zilizopita. Kigamboni nako kuna fukwe tulivu ninazozipenda sana, lakini kurudi kwako kutategemea pantoni ya Magogoni au Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, na kwa mkutano wa kwanza huo ni uchache wa njia nisioushauri. Pangeni Kigamboni mkishajuana.

Sasa mahali penyewe. Maduka makubwa yenye migahawa ndani yake hufaa kuliko watu wanavyodhani. Mlimani City, iliyopo Barabara ya Sam Nujoma tangu mwaka 2006, ina walinzi, vyoo safi, daladala za pande nyingi na umati unaobadilika kila saa, na mtu akikukuta pale unaweza kusema umekuja kununua sabuni, jambo ambalo kwa kweli unaweza kulifanya. Ubaya wake ni mmoja: ipo jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hivyo mhadhiri au mwanafunzi wa pale ni kama amekaa sebuleni kwake.

Kwa wanaopenda mchana, Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert ni chaguo ambalo wenyeji wengi hulisahau kwa sababu walipelekwa huko na shule wakiwa watoto na hawakurudi tena. Mnatembea pamoja, mnatazama vitu, na kimya kikiingia kati yenu hakiwi aibu, kwa kuwa kila mtu amesimama kimya mbele ya kitu fulani. Bustani za mimea zipo karibu, lakini kaeni upande wenye wapita njia. Kijiji cha Makumbusho kwenye Barabara ya Bagamoyo nacho hukupa nafasi ya kutembea kati ya nyumba za asili za makabila mbalimbali, na nje ya geti lake usafiri haukosekani.

Ufukwe wa Coco unataka maelezo kidogo. Jumapili jioni usiende: nusu ya watu unaowafahamu watakuwa pale wakila mihogo na mishkaki, na muziki kutoka kila kibanda utawalazimisha kuongea kwa kupiga kelele. Siku ya kazi, kuanzia saa 10 alasiri, mambo ni tofauti kabisa. Ufukwe ule unatazama mashariki, kwa hiyo jua la jioni huwa mgongoni mwenu badala ya kuwachoma usoni, na upepo hupunguza joto. Anayetaka kuona jua likizama baharini aende upande wa pili wa rasi, Slipway, ambako ghuba ya Msasani inatazama magharibi. Kote kuwili chungeni sahani zenu. Kunguru wa mji huu hawana adabu, na nimewahi kuona mmoja akiondoka na paja la kuku la mtu aliyekuwa katikati ya kujieleza kwamba yeye ni mtu makini.

Sehemu za mapokezi za hoteli kubwa za katikati ya jiji zina viti vizuri na wahudumu waliozoea kutouliza maswali, ila kahawa yake ni ghali, na ni vizuri kujua mapema nani atalipa. Hoteli ina ghorofa za vyumba juu, na mtu asiye na nia njema huanza na kahawa chini kisha akasema, "Twende juu nikachukue chaja." Chaja hiyo atateremka nayo mwenyewe.

Kuhusu gesti nitasema wazi, ingawa najua kuna watakaoniona mkali. Usikubali gesti kuwa mahali pa kuonana kwa mara ya kwanza, hata kama umeambiwa kwamba ni "kuongea tu kwa utulivu." Mapokezi kuna kitabu cha wageni, na utaombwa kuandika jina, unakotoka, kazi yako na mara nyingi namba ya simu, katika ukurasa ambao atakayekuja baada yako atausoma akitafuta mstari wa kuandika. Kwa hiyo aliyekwenda pale kutafuta siri ameacha saini yake. Ndani mlango ni mmoja, dirisha lina nondo, na hujui nani mwingine ana ufunguo wala kama kuna kamera mahali. Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa zako azitumie kwa kusudi alilozikusanyia, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawabana wanaosambaza picha za ngono na wanaosumbua wengine kwa ujumbe. Sheria hizo zitakusaidia baada ya kuumia, kwa hiyo ukitishiwa kwa picha usilipe na usifute ujumbe. Hifadhi kila kitu uende polisi.

Mkishakubaliana mahali, chagua saa wewe. Napendekeza saa 9 na nusu au saa 10 alasiri, kwa sababu Juni giza huingia muda mfupi baada ya saa 12 na robo jioni, na hata Februari jua huwa limezama ifikapo saa 1 kasoro dakika 10. Mnapata saa mbili za mwanga, ambazo zinatosha kabisa kujua kama mtu anafaa kuonwa tena, na foleni ya jioni inakupa sababu ya heshima ya kuaga. Fika dakika 20 kabla yake. Chagua meza ya pembeni lakini isiyo ya kona ya mwisho, kaa ukiutazama mlango, jua choo kipo wapi na kama kuna njia ya pili ya kutokea. Kaa mbali na spika. Ukilazimika kurudia jina lako mara tatu kwa sauti, meza ya jirani nayo imelisikia. Kama wewe ni mtu wa kutoka jasho, na Januari nani si mtu wa kutoka jasho, kaa chini ya feni. Kinywaji chako kifunguliwe mbele yako, na ukienda chooni ukirudi agiza kingine.

Jambo linalowaponyoka hata walio waangalifu ni malipo kwa simu. Mtu akiwa na namba yako anaweza kuanza kukutumia shilingi 1,000, na kwa kawaida jina lako kamili hutokea kwenye skrini yake kabla hajaweka namba ya siri. Laini ya pili haikufichi, kwa sababu nayo imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho chako cha Taifa. Kwa hiyo endeleeni kuwasiliana ndani ya programu mliyofahamiana nayo hadi mtakapoonana, ikiwa inaruhusu kupiga simu bila kuonyesha namba, na bili ya siku ya kwanza ilipwe taslimu. Ukilipa nusu yako kwa kumtumia yeye kwenye simu, umempa jina la baba na la babu kwa bei ya soda na chipsi mayai.

Mtu mmoja lazima ajue ulipo. Siyo lazima ajue unaonana na nani kwa undani, lakini ajue mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mimi humwambia shoga yangu mmoja wa Ukonga, na humtumia kwa WhatsApp mahali nilipo kwa muda halisi, kwa saa moja au nane kadiri ninavyotaka. Tumekubaliana kwamba nikimwandikia "umeanika maharage?" anipigie mara moja na kuniita nyumbani kwa sauti ya dharura. Nimelitumia neno hilo mara mbili. Mara ya kwanza bwana niliyekwenda kuonana naye alikuwa amehamisha mahali mara tatu ndani ya saa moja, akianza na Mwenge, kisha Kijitonyama, kisha "kwa rafiki yangu hapa karibu". Na anayebadilisha mahali dakika za mwisho hapaswi kupewa nafasi ya nne. Mwambie kwa upole, "Kaka, kama hapa hapakufai, tupange siku nyingine," kisha ondoka. Mtu muungwana ataelewa.

Kurudi kunapangwa kabla ya kwenda. Usikubali lifti siku ya kwanza, hata kama gari ni zuri na mvua inanyesha, kwa kuwa lifti humwonyesha geti lako. Weka nauli ya kutosha kando, pamoja na chaji na kifurushi, maana ukikosa hivyo unakuwa umemtegemea uliyekuja kumpima. Ukiita gari au bajaji kwa programu ya usafiri, weka kituo cha mwisho kwenye duka au msikiti wa jirani badala ya mlango wako. Ukipanda bodaboda, tuma namba yake ya usajili, ile inayoanza na MC, kwa yule aliyebaki na habari zako, na uteremke kituo kimoja kabla ya chako. Subiri pale dakika 5 ukinunua vocha au nyanya, utazame nani mwingine ameshuka au amesimamisha gari. Ukiona mtu amekufuata, ingia dukani, mweleze mwenye duka, na upige 112. Usipoona mtu, chukua nyanya zako, nenda nyumbani, na umwandikie shoga yako kwamba maharage yameanikwa na yamekauka.