Fremu ya A: usiruke hatua ya kugeuza

Kama shamba lako lina mteremko, pima kontua (mstari wa usawa unaokata mteremko) kwa fremu ya A kabla ya kuchimba makinga maji. Funga fito mbili za mita 2 kileleni, miguu iachane, na ya tatu ilale katikati, upate umbo la herufi A. Ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni, lipite chini ya fito iliyolala. Weka vigingi miguu ilipo, tia alama uzi unapogusa fito, kisha geuza fremu, miguu ibadilishane nafasi kwenye vigingi vilevile, na utie alama ya pili. Usawa ni katikati ya alama hizo. Wengi huruka kugeuza; mstari huteremka kidogokidogo, maji hurundikana upande mmoja na kupasua tuta. Upepo ukivuma, ongeza uzito wa jiwe. Kwenye shamba darasa, omba uishike fremu mwenyewe.