Jinsi ya kuanza kutumia klaudi shuleni kwenu, anzeni na ofisi ya taaluma

Walimu wenzangu wa Nyamagana, Ilemela, Magu mpaka huko Ukerewe, hii habari ya klaudi inatajwa kila semina halafu tukirudi ofisini tunaendelea kupokezana flashi yenye virusi. Klaudi ni kwamba faili lako linakaa kwenye kompyuta za kampuni huko mbali na wewe unalifungua kwa intaneti popote ulipo, simu au laptopu, hata laptopu ikiibiwa faili lipo. Basi. Wengi wakisikia hivyo wanawaza maabara ya kompyuta na kila mwanafunzi na mashine yake, wanakata tamaa hapohapo. Mimi nasema anzeni na mtaaluma, yule mwalimu wa ofisi ya taaluma, na walimu wenye simu janja, maana kazi inayotutoa jasho kila muhula ni matokeo, na hiyo haihitaji maabara.

Kitu cha kwanza, akaunti iwe ya shule sio ya mwalimu. Hapa ndo shule nyingi zinaumia, mwalimu mmoja kijana anajua kompyuta anaweka kila kitu kwenye Gmail yake, mitihani ya miaka yote, matokeo, maandalio, halafu uhamisho unatoka anaenda zake Tabora na vitu vyote vinaenda naye. Fungueni Gmail kwa jina la shule, ni bure na inakuja na nafasi ya GB 15, ambayo barua pepe, Drive (kabati la mafaili la Google) na picha zote zinagawana. Kwa mitihani na matokeo inatosha muda mrefu sana, ila mkianza kutupia video za mahafali itajaa na ikijaa hata barua pepe haziingii. Shule ikiwa na domaini yake, yaani jina lake la mtandaoni, ile inayoishia na .sc.tz, inaweza kuomba Google Workspace for Education, huduma ya Google ya mashule, toleo la Fundamentals halina malipo na shule nzima inapata TB 100, lakini hilo lisiwacheleweshe, Gmail ya kawaida inafungua kazi leo.

Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ukiingia kwenye akaunti, juu ya paswedi unaombwa namba ya siri (code) inayotumwa kwenye simu. Sasa hiyo namba inaenda kwenye simu ya nani? Ya mkuu wa shule, sawa, ila na yeye anahamishwa. Kwa hiyo mkishawasha, Google inatoa namba za siri 10 za akiba, ziprintini zikae kwenye kabati la mkuu linalofungwa, sio kubandikwa ukutani jamani.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalijui. Kwenye Gmail za kawaida, faili ni mali ya aliyelitengeneza hata kama amelitengenezea ndani ya folda ya shule, akifuta akaunti yake linapotea nalo. Dawa yake mtaaluma aingie kwa akaunti ya shule, atengeneze faili hapo, ndo awashirikishe wengine. Kwenye kushirikisha kuna ngazi tatu, mtazamaji anaona tu, mtoa maoni anaandika pembeni, mhariri anabadilisha. Walimu wa masomo wape uhariri, wengine wote waangalie tu. Na msiruhusu ile ya yeyote mwenye linki, majina na maksi za watoto ni taarifa binafsi na sheria ya kuzilinda tunayo tangu 2022.

Tuje kwenye matokeo yenyewe. Fungua Google Sheets, programu ya majedwali kama Excel, safu A namba ya mtihani, B jina, kuanzia C kila somo na safu yake, na funga kila safu mwenye somo tu ndo aweze kuandika, vinginevyo mtu wa Jiografia atakuja kufuta Fizikia kwa kidole gumba. Gredi usipige kwa mkono. Maksi ikiwa C2, nenda safu ya pembeni iliyo wazi uandike hivi:

=IF(C2="","",IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F")))))

Hiyo ni mipaka ya NECTA, Baraza la Mitihani, ya kidato cha nne. Ile C2="" ya mwanzo usiiache, bila hiyo asiyefanya mtihani anapewa F. Shika kona ya hicho kisanduku vuta mpaka chini, darasa zima limepata gredi. Na kama mtu amevuruga, ingia historia ya matoleo, utaona nani alibadilisha nini saa ngapi na unarudisha ya jana. Hii peke yake imemaliza ugomvi mwingi wa maofisini.

Mtandao je? Kwenye programu ya Sheets ya simu bonyeza vidoti vitatu vya faili, ruhusu litumike nje ya mtandao, ila fanya hivyo ukiwa bado una bando. Mwalimu anapanda meli ya Nansio, kule Ukerewe, na karatasi zake zilizosahihishwa, katikati ya ziwa hakuna mtandao, anajaza tu, akishuka simu ikishika data maksi zinapanda zenyewe. Umeme ukikatika pia sio mwisho, simu ina chaji.

Kwa wanafunzi nendeni taratibu. Google Forms, ile ya kutengeneza fomu za maswali, inasahihisha maswali ya kuchagua yenyewe, na ukizima ile ya kukusanya barua pepe mtoto hahitaji akaunti, anaandika namba yake anajibu, wapokezane kwenye kompyuta mbili tatu zilizopo. Lakini Forms bila intaneti haiendi kabisa, kwa hiyo siku ya jaribio uwe na bando la uhakika na karatasi chache za dharura. Vitabu vya maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vinavyoruhusu kupakuliwa, pakueni mara moja mvinakili kwenye kompyuta za shule, sio kila kipindi darasa zima linavuta faili lilelile.

Likizo ndefu zisiwafanye msahau akaunti. Google inaweza kufuta akaunti ya Gmail isiyotumika miaka 2, na mtaaluma akibadilika, badilisheni paswedi siku hiyohiyo anakabidhi ofisi.