Dar inaishia wapi? Namna ya kusoma idadi ya watu, uhamaji na kanda

Andika namba nne kwenye karatasi. Mkoa wa Dar es Salaam, sensa ya 2012: watu 4,364,541. Sensa ya 2022: 5,383,728. Mkoa wa Pwani, jirani anayeizunguka Dar, 2012: 1,098,668. Mwaka 2022: 2,024,947. Ukiwa na namba hizo, kikokotoo cha simu na nauli ya kufika Mlandizi, utajifunza sehemu kubwa ya jiografia ya binadamu bila kukariri fasili.

Nafundisha Jiografia kidato cha tatu na cha nne hapa Kibaha. Wanafunzi wanaoletwa kwangu twisheni huja na fasili wamezipanga kichwani kama shanga za tasbihi. Lakini muulize mmoja kwa nini mtaa wao umejaa nyumba ambazo hazijapigwa lipu, anakutazama tu. Kwa hiyo mimi huanza na namba hizo nne, na swali moja: mji wa Dar es Salaam unaishia wapi?

Kwanza ondoa. Dar iliongeza watu 1,019,187 katika miaka kumi. Pwani iliongeza 926,279. Tulia hapo kidogo. Mkoa ulioanza na robo ya watu wa Dar umeongeza karibu idadi ileile. Anayetazama jumla peke yake atasema Dar ndiyo inayojaa, na hajakosea sana, ila amepitwa na habari yenyewe.

Sasa tafuta kasi kwa mwaka. Walimu wengi hutafuta asilimia ya miaka kumi kisha wanagawa kwa kumi, wanapata kwamba Pwani ilikua kwa asilimia 8.4 kwa mwaka. Si kweli, kwa sababu walioongezeka miaka ya mwanzo nao wanazaa na kuleta ndugu zao. Fanya hivi: gawa idadi mpya kwa idadi ya zamani, laza simu ubavu ili kikokotoo kionyeshe vitufe vya kisayansi, bonyeza ln (logi asilia), gawa kwa 10, zidisha kwa 100. Pwani inakuja 6.1. Dar inakuja 2.1. Fanya hivyo kwa nchi nzima, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, upate 3.2. Ukitaka kujua idadi itachukua muda gani kujirudufu kwa kasi hiyo, gawa 70 kwa asilimia uliyopata: Tanzania miaka kama 22, Pwani chini ya 12.

Yaani Dar, jiji ambalo kila kijana anadaiwa kulikimbilia, ilikua polepole kuliko wastani wa nchi! Wanafunzi wangu hubisha hapa, na wana haki ya kubisha.

Idadi ya watu wa mahali hubadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuingia na kutoka. Kuna hesabu ya makadirio ninayoipenda kwa sababu haihitaji kompyuta. Chukua idadi ya Pwani ya 2012, ikuze kwa kasi ya taifa. Unapata watu kama milioni 1.51. Waliohesabiwa ni milioni 2.02. Ziada ya watu takriban nusu milioni haielezeki kwa uzazi wa kawaida. Wengi wao walihamia, pamoja na watoto waliozaliwa wakishafika. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Kilimanjaro (1,640,087 mwaka 2012, 1,861,934 mwaka 2022) uone pengo upande wa pili: wamepungua karibu laki nne kutoka kwenye makadirio. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, kikigawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hakibaki cha kugawa.

Lakini usiitumie hesabu hii kichwakichwa. Inachukulia kwamba kila mkoa unazaa sawa na taifa, na si hivyo. Wanawake wa Dar huzaa watoto wachache kuliko wa Tabora au Katavi, kwa hiyo sehemu ya upungufu wa Dar ni uzazi, si uhamaji. Kilimanjaro nayo vivyo hivyo. Andika neno "takriban" na uliheshimu.

Kabla ya kwenda mtaani, jiulize namba zilikusanywaje. Sensa yetu huhesabu watu mahali walipolala usiku mmoja. Ile ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Fundi mwenye banda Kariakoo anayelala Kiluvya upande wa Kisarawe alihesabiwa Pwani. Mchana yuko Dar: anakula Dar, anatumia maji na barabara za Dar. Huyo si mhamaji. Ni mtu wa kwenda na kurudi. Mhamaji ni yule aliyebadilisha makazi. Mitihani hupenda kuwachanganya hawa wawili, na wanasiasa pia.

Umri nao una hila yake. Ukichora piramidi ya umri, yaani mchoro wa idadi ya watu kwa umri wao, kwa mwaka mmojammoja badala ya makundi ya miaka mitano, utaona vilima kwenye 30, 35, 40, 45. Si kwamba watu wetu waliamua kuzaa kila baada ya miaka mitano. Mtu asiyejua mwaka wake hutaja umri unaoishia na sifuri au tano. Ndiyo maana tunatumia makundi. Umbo lenyewe ni la kitako kipana: zaidi ya watu wanne kati ya kumi nchini wana umri wa chini ya miaka 15. Mtaa wa wahamiaji huwa na tumbo nene pia, la watu wa miaka 20 hadi 39.

Msongamano nitaupitia haraka, maana ndio unaofundishwa sana na kueleza kidogo. Gawa watu kwa eneo. Dar ina kilomita za mraba 1,393, kwa hiyo ni kama watu 3,865 kwa kila moja. Pwani ina takriban 32,500, inakuja kama 62. Wastani huo unachanganya Maili Moja ya hapa Kibaha mjini, Kisiwa cha Mafia na mapori ya Rufiji katika namba moja. Shuka hadi ngazi ya kata ndipo useme kitu.

Sasa mtaani. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jitambulishe. Usiende na faili la karatasi nyingi. Watu watadhani umetumwa kupima viwanja au kutafuta walipa kodi. Salamu kamili, shikamoo kwa anayestahili, kisha maswali machache. Ulizaliwa wilaya gani? Kabla ya hapa ulikaa wapi? Na kabla ya hapo? Nani alikutangulia kufika? Nini kilikufanya uhame? Usiulize kabila, usiulize kipato. Hayo hayakusaidii na yanafunga midomo.

Swali la "na kabla ya hapo" ndilo lenye mali. Utasikia safari za vituo: Kasulu, kisha Tabora, kisha chumba cha kupanga Manzese, kisha kiwanja Mlandizi. Ukiishia kwenye mahali pa kuzaliwa utaandika kwamba huyu katoka Kigoma kuja Pwani, na utakuwa umekosa hatua iliyomleta hasa, ile ya Manzese. Mwanajiografia E. G. Ravenstein aliliona jambo hili mwaka 1885 akitumia sensa za Uingereza, akaandika sheria za uhamaji: wengi huhama umbali mfupi, na huenda kwa hatua. Mtu huyohuyo alichora ramani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Royal Geographical Society, na sheria zake zinafanya kazi Kibaha kuliko nilivyotarajia zifanye.

Majibu ya sababu yapange katika mafungu mawili, yanayosukuma na yanayovuta, lakini usilazimishe. Kodi ya nyumba Dar inasukuma, kiwanja cha bei nafuu kinavuta, kwa mama mmoja yote mawili ni sentensi moja: "nimechoka kumjengea mwenye nyumba." Weka fungu la tatu kwa wasioulizwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni bila ridhaa. Wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Wafugaji walioondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007 walijikuta Lindi na Pwani na ng'ombe wao. Hakuna aliyevutiwa hapo.

Tumefika kwenye kanda, na hapa ndipo swali letu linapofunguka. Kisheria Pwani ni mkoa wenye makao makuu Kibaha. Kwa zao, sehemu yake kubwa ya kusini ni ukanda wa korosho, pamoja na Lindi na Mtwara. Kwa kazi na biashara, Kibaha, Mapinga na Vikindu ni za Dar. Mahali pamoja, kanda tatu, na kila moja ni sahihi kwa swali lake. Kuna na kanda za vinywani: Shinyanga inaitwa Kanda ya Ziwa ingawa haigusi Ziwa Victoria, na kwa mtu wa Sinza kila kitu baada ya Kibaha ni "mikoani". Ziandike nazo, maana watu huamua wapi pa kuhamia kwa kuzifuata.

Mipaka ya kisheria nayo husogea. Mbeya ilikuwa na watu 2,707,410 mwaka 2012 na 2,343,754 mwaka 2022. Hakuna aliyekimbia; Songwe ilikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nayo ilihesabu 1,344,687. Jumlisha kwanza, ndipo ulinganishe. Kata nazo hugawanywa, kwa hiyo ukichukua ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenye idadi kwa kata, hakikisha kata yako ni ileile katika sensa zote mbili.

Mwisho chora mpaka wako mwenyewe wa Dar. Nenda vituoni: Mbezi, Mbagala Rangi Tatu, Bunju, Chanika. Waulize makondakta abiria wao wa asubuhi wanapandia wapi na wa jioni wa mwisho wanashukia wapi. Waulize wenye maduka ya mbali mzigo wanafuata wapi. Weka nukta kwenye ramani, ziunganishe, ulinganishe na mstari wa mkoa. Fanya kazi hii Jumanne au Jumatano. Ijumaa jioni utachanganya wanaokwenda msibani na harusini, na Desemba usijaribu kabisa: nusu ya stendi inakwenda Moshi.